Mfiwa ni nani hapa?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni Yohana 19:26-27, mlisome wenyewe kwa kutulia, mimi nawapa tu yaliyonikuta maana toka juzi usingizi wangu wa mang'amung'amu.

Mnajua kikundi chetu huwa tunaenda kule makazi ya wazee hapa Kigoma, tunabeba sabuni, sukari, dagaa, kidumu cha mawese, tunaimba mapambio mawili matatu, tunapiga picha, tunaondoka. Na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ndo usiseme, vikundi vinapishana getini, kesho yake kimyaaa. Miaka yote hiyo mimi nilijua pale ni mahali watu wasio na watu wamekusanywa, basi.

Sasa wiki iliyopita akafariki yule mzee aliyekuwa baharia, mliofika mnamkumbuka, akikushika mkono hakuachii mpaka akuhadithie meli ya Liemba ilivyozamishwa 1916 ikaja kuibuliwa 1924, anaeleza kama yeye ndo alivuta kamba wakati hata hajazaliwa. Tukaenda msibani. Rambirambi tumechanga, bahasha ninayo kwenye pochi, namtafuta mfiwa nimpe pole. Namuuliza mhudumu, ndugu zake wameshafika? Akanionyesha babu mmoja wa Ujiji, Muislamu, kofia yake kichwani, amekaa chini kwenye mkeka.

Nikaona labda hajanielewa, nikarudia, namaanisha ndugu wa marehemu. Babu akajibu mwenyewe, "Ndugu yake mimi. Unamtaka nani mwingine?"

Jamani nilitamani ardhi inimeze.

Mhudumu akanisimulia pembeni. Walikaa chumba kimoja miaka tisa. Ugomvi haukuisha, mara redio, huyu anataka taarifa ya habari yule anataka mawaidha, mara kigoda cha chini ya mwembe, kuna kipindi walinuniana wiki mbili kisa tumbaku. Lakini baharia macho yalishakufa na huyu wa Ujiji mikono inatetemeka, basi mwenye macho alikuwa anamwongoza mwenzie chooni usiku, na mwenye mikono anamshikia mwenzie kikombe na kumtolea miiba ya mgebuka kwa kupapasa. Hakuna aliyewapangia.

Nimerudi nyumbani nikafungua lile andiko. Bwana yuko msalabani anamwambia mwanafunzi, "Tazama, mama yako." Na Mariamu hakukosa watu, Marko 6:3 imewataja ndugu zake Yesu, Yakobo, Yose, Yuda na Simoni (najua wengine mtasema hao ni binamu, leo tusigombane). Hakikuitwa kikao cha ukoo. Halafu angalia lilivyoandikwa, haisemi yule mwanafunzi alikuwa anamtembelea mara moja moja na sukari kilo mbili, inasema tangu saa ile akamchukua nyumbani kwake. Wakaishi. Na ukiishi na mtu lazima mgombanie redio, sisi tunaoimba na kuondoka tutagombana na nani pale?

Ile bahasha nikampa babu, akaipokea kwa mikono yote miwili inatetemeka, akampa mhudumu palepale, kanunueni kahawa, usiku hapa hatulali. Nikadhani anaongea tu. Kumbe giza lilipoingia wazee wakaanza kutoka mmoja mmoja na mikeka, mwingine na gongo lake, bibi mmoja anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na kanga ya kujifunika, wanatandika barazani walale chini, matanga kabisa. Mhudumu anawabembeleza warudi vitandani, upepo wa ziwani ni mkali, nani anamsikiliza.

Mimi nimesimama na pochi yangu. Nikavua viatu.

Jumamosi wanaanua matanga, saa nne asubuhi, safari hii simu zibaki kwenye mikoba na mwenye mkeka abebe.