Kinda aliyepiga msamba

Binti yangu alinitumia picha juzi, ametoka shule akapita duka moja la nyuni. Kinda wa lavubadi, wale kasuku wadogo wa kufugwa, sakafuni mwa tundu, mguu mmoja umekwenda kushoto, mwingine kulia, kifua kimelala chini. Akaandika: "Mama, nusu bei. Tumchukue? Atanyooka?"

Sikumjibu papo hapo. Kwa mawazo nilikuwa nimesharudi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye stoo ya Ami, ndugu wa baba yangu, ghorofa ya juu, na harufu yake ya alizeti na dawa ya sakafu.

Ami alikuwa mtu wa usafi, wanaomjua hawahitaji kuambiwa. Lavubadi wake, wale wa uso wa waridi, hawakukaa darini kwenye jua wala upepo. Aliwafungia ndani kwa sababu ya kunguru. Hao kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakaishia kututawala na sisi wa Mombasa, na walishamchomolea Ami makinda kupitia matundu ya waya. Kwa hiyo stoo, dirisha la kioo, basi. Mwanga si upo? Upo, lakini jua linalopita kwenye kioo limeshachujwa ule mwali unaomfanya ndege atengeneze vitamini D, na bila hiyo vitamini hata akila chokaa haimfiki mifupani. Ami angekucheka ukimwambia.

Kila Ijumaa baada ya swala aliyateremsha masanduku ya kutagia na kuyapangusa mpaka plaiwudi ikang'ara. Na hapo ndipo palipokuwa na vita vyake na jike mmoja. Jike wa aina ile hupasua majani au karatasi vipande virefu vyembamba, akavichomeka kwenye manyoya ya kiunoni, juu ya mkia, akaruka navyo hadi kiotani. Huyu wa Ami akifunguliwa hakutafuta mbali: alikwenda moja kwa moja kwenye ukindu wa Nyanya, ule aliokwisha kuutia rangi kwa ajili ya mkeka. Anachana, anachomeka, anapeleka. Ijumaa Ami anatoa yote, anatupa. Jumamosi jike anaanza upya.

"Nyuni wako ataka mkeka," Nyanya alimwambia. "Mpe mkeka, nami nipumzike."

"Hizo ni taka, mama."

Jike yule hakupumzishwa. Makinda wakitoka tu, sanduku linapanguswa, anataga tena. Na dume aliyewekewa alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, maana rangi zao zilipendeza pamoja na wanunuzi walizipenda.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka madrasa. Mama yangu alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Alipanda kumpelekea Ami chakula, akachungulia ndani ya sanduku, akaniita kwa sauti niliyoijua: mikono imeshaoshwa, sasa ni kazi.

Kinda alikuwa amefungua macho karibuni tu. Manyoya machache, ngozi nyembamba hata ukiona mtama uliojaa kwenye mfuko wa chakula shingoni. Alipiga msamba kamili. Akijaribu kusimama miguu inateleza kwenye ubao, akilala mama yake anamkalia na uzito wake wote, miguu inazidi kutanuka.

"Shemeji, wamlisha nini mama yake?"

"Alizeti. Mtama. Nini tena ataka?"

Mama hakujibu. Jirani alikuwa amempigia simu daktari wa mifugo, mzoefu wa ng'ombe na mbuzi, naye alisema neno moja la maana: mifupa ya kinda bado ni laini, leo inafuata unakoielekeza, ukingoja akaota manyoya itakuwa ni kuvunja na kuunga upya. Basi Mama akatoa kwenye mkoba pamba na ile plasta ya karatasi wanayobandikiwa watoto wachanga.

Nilipewa kazi ya kumshika. Nilimgeuza chali kiganjani kama nilivyoelekezwa, bila kumbana kifua, maana ndege hupumua kwa kupandisha na kushusha kifua, ukikibana umemziba pumzi. Moyo wake haukuhesabika. Mama aliirudisha miguu chini ya mwili, polepole, na mara zote mbili ilipomponyoka alianza tena bila kuguna. Kisha akanambia, "Lete kidole cha mwisho." Akakiweka katikati ya miguu miwili ya kinda. Nacho kikawa kipimo: upana wa kidole changu ndio upana ambao ndege mzima angesimama nao. Akazungusha pamba mguu huu, pamba mguu huu, juu kidogo ya vidole, kisha plasta ikapita kutoka mguu hadi mguu ikishika kidole changu ndani yake. "Usivute." Nilingoja, vidole vyake viwili vya mbele na viwili vya nyuma vimenikamata ukucha, na papo hapo akanichafua. Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nilipokichomoa kidole, pingu ilibaki pale, haikubana, haikulegea. Mama akaibonyeza nyayo kuona kama damu inarudi.

Muda wote huo Ami alisimama mlangoni ametupa mgongo. Mtu aliyechinja kuku kila sikukuu.

Kinda akakalishwa kwenye kikombe cha chai kilichojazwa karatasi laini, ili miguu isipate pa kukimbilia. Yaliyofuata ni kazi tu: uji vuguvugu kwa kijiko, kubadilisha plasta kila mwili unapokua, kuogopa uvimbe. Miguu ikanyooka. Wa kulia ulibaki umeingia ndani kidogo; ungejua ukiambiwa.

Na hapo ndipo sina raha na kisa hiki, kila nikikikumbuka. Kwa kuwa yule alipona, Ami hakubadilisha kitu. Ijumaa sanduku likapanguswa, jike akaachiwa atage tena. Kidole changu na plasta ya Mama vikawa sehemu ya mradi. Alipotaka kumuuza yule wetu kwa mtu wa kuzalisha, akisema mguu ule ni wa kuanguka, si wa kuzaliwa, ndipo Mama alipompandishia sauti, jambo ambalo shemeji hafanyi. Ndege akabaki kwetu, peke yake, hakuzaa.

Kilichomgeuza Ami ni mteja. Kinda wa uzao uliofuata alirudishwa ndani ya boksi la viatu, amepiga msamba, na mwenyewe akadai fedha zake mbele ya watu wa baraza. Wiki ile ile masanduku yakatandikwa maranda ya mbao, matundu yakapandishwa darini asubuhi chini ya wavu wa kuzuia kunguru, sukuma wiki ikaongezwa, na sisi watoto tukatumwa ufukweni Nyali kuokota mifupa ya ngisi, ikaoshwa, ikaanikwa, ikafungwa kwenye waya wapate chokaa. Dume akabadilishwa. Jike akanyimwa sanduku miezi mingi. Baadaye akapata yai moja tu, likamkwama, akafa nalo.

Makinda wa jozi nyingine walisimama sawasawa. Ni sakafu? Ni jua? Ni damu, au chokaa? Alibadilisha yote kwa mpigo, kwa hiyo ukiniuliza lipi lilikuwa lipi sina jibu, na huwa naona wanaojibu haraka wanauza kitu.

Mpaka leo Ami, akiwa barazani na kahawa tungu, huwafundisha vijana wanaofuga kwamba sanduku lisiachwe tupu, na kwamba yeye aligundua kuwa ukindu unafaa kuliko maranda. Nyanya alikuwa akimsikia kutoka dirishani. Alimwacha aseme, ila ukindu wake aliuhamishia kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso.