Chungu cha bibi hakionekani kwenye TV

Jana usiku nipo na bibi sebuleni tunaangalia TV, kikaja kipindi cha afya, dada anaonyesha kinoa, ile nafaka ya kigeni, na parachichi kwenye sahani nyeupe eti ndo mlo bora, bibi akauliza hiyo inauzwa wapi mjukuu wangu, nikakosa jibu. Yeye kakulia Singida kwa ugali wa uwele na mlenda mkavu, ule ugali wa kijivu unaonukia hata kabla haujaiva. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2023 kuwa mwaka wa uwele, ulezi, mtama na wenzake, nafaka zinazovumilia ukame kuliko mahindi, ila kwenye habari nazisikia mvua ikigoma tu, kama chakula cha shida. Inaniuma jamani. Waandishi njooni mpige picha chungu cha bibi