Nani atasonga bukari, ugali wetu, nikiondoka?

Mama anatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Anauza nyanya na vitunguu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na mwezi wa saba, saa hizo, Lubumbashi inauma. Watu wa mbali wakisikia Kongo wanafikiria joto tu. Huku kwetu Katanga tuko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, mvua zilishakwisha zamani, usiku mbingu haina hata wingu la kuzuia joto la mchana lisipotee, na kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mama anavaa blauzi mbili, anajifunga kitenge juu ya kitenge, anaondoka. Mimi nikisikia geti linafungwa, usingizi wangu nao umekwisha.

Mwezi wa tatu nilipopata barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili Gembloux, Ubelgiji, kila mtu alidhani nitaanza kutafuta sanduku. Nilianza kutafuta sufu. Niliapa kwamba sitapanda ndege mwanzoni mwa Septemba kabla Mama hajawa na sweta ya vifungo, nzito, ya kumfikisha sokoni bila kutetemeka. Yeye aliomba kitu kimoja tu:

"Utanitilia mufuko ndani, ya kuweka makuta." Makuta ni pesa.

Kufuma nilifundishwa na Nkambo, mama yake Mama, ambaye tunaishi naye. Yeye alijifunza katika fwaye sosiali ya Union Minière, kampuni ya madini, kabla kampuni haijataifishwa mwaka 1967 na baadaye kuwa Gécamines. Wake za wafanyakazi walifundishwa huko kushona, kufuma na kupika. Nilikuwa na miaka tisa aliponipa njiti mbili za gurudumu la baiskeli, amezisugua ncha kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Njiti ni nyembamba, kitambaa kinatoka kigumu kama mkeka, lakini mkono uliojifunzia hapo hauogopi sindano yoyote. Siku hizi nina sindano za kweli, namba nne na nusu, na njiti bado ninazo.

Sufu mpya ya dukani ni ghali, na nyingi si sufu, ni akriliki. Kwa hiyo naenda kwenye mafungu ya mitumba na kununua sweta kubwa za wanaume ili nizifumue. Nachomoa kauzi kadogo kwenye mshono wa ndani, namwomba muuzaji ruhusa, nakawasha kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kati ya vidole. Akriliki inayeyuka na kuganda kuwa shanga ngumu. Halafu nageuza sweta nione mishono yake. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa mashine, naiacha hata iwe nzuri namna gani, maana kila mstari umeshakatwa na nitabaki na vipande vifupi visivyofaa kitu. Ninayotaka ni ile ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa kwa mshono wa mnyororo. Hiyo ukiipatia ncha yake na kuvuta, mshono wote unafunguka wenyewe, na ninapenda sauti yake.

Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, naufunga mahali panne usichanganyike, nauosha kwa maji ya vuguvugu, nauanika ukiwa umening'inizwa chupa ya maji ili unyooke. Sweta niliyoipata ilikuwa ya rangi ya kahawia, ya udongo uliolowa. Mama mmoja anayeuza samaki karibu na meza ya Mama alinipimia uzi kwenye mizani yake: gramu 480. Nilijua hautatosha. Nilianza hivyo hivyo, kwa sababu Septemba haingoji.

Hesabu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unafuma kwanza kipande cha sampuli, unakiosha, kikikauka unahesabu. Changu kilinipa vitanzi 20 kwa kila sentimita 10. Kifua cha Mama ni sentimita 104, naongeza 8 ili avae blauzi ndani, inakuwa 112. Nusu yake, upande wa mgongo, ni sentimita 56, yaani vitanzi 112. Namba ile ile, bahati tu ya sampuli yangu, lakini nilifurahi siku nzima.

Mgongo wote huo niliufuma kwenye foleni. Mtu anayejiandaa kusoma nje anaishi kwenye mabenchi. Kunakili diploma, kuthibitisha nakala, orodha ya alama za kila mwaka, cheti cha daktari, cheti cha kutokuwa na hatia ya jinai, barua ya ufadhili, fomu ya viza ya aina ya D, ile ya kukaa zaidi ya miezi mitatu. Kila karatasi ina dirisha lake, na kila dirisha lina watu waliofika kabla yako. Mgongo wa sweta ni mistari iliyonyooka, kulia na kushoto, mikono inaenda yenyewe huku masikio yanasubiri jina. Nilichojifunza ni kwamba usipeleke kwenye foleni sehemu yenye kupunguza vitanzi. Wataita jina lako katikati ya kwapa, na ukirudi hujui ulikuwa umefika wapi.

Karatasi iliyonitesa ni ya kuzaliwa. Sikuwa na cheti, kama wengi wa umri wangu. Kinachotumika badala yake ni hukumu ya mahakama, ile tunayoiita supletifu. Nilipewa, nikaenda nayo furaha tele, na nyumbani Nkambo ndiye aliyegundua, na miwani yake iliyofungwa uzi, kwamba jina la Mama limekosa herufi moja. Herufi moja! Jina la Mama kwenye hukumu halikulingana tena na jina lake kwenye kadi yake. Kurekebisha kulichukua wiki tatu, na kila niliporudi niliambiwa anayetia sahihi ametoka. Nilifuma nikiwa na hasira, na hasira inaonekana kwenye uzi: mistari ya siku zile ilibana mpaka kiuno cha sweta kikaingia ndani. Nilifumua mistari 14 na kuirudia nilipotulia. Mama atavaa kitu hiki miaka mingi, sikutaka kimbane kwa ajili ya karani.

Lakini karatasi zina mwisho. Ukikosa moja unajua jina lake na dirisha lake. Lililokuwa linaninyima usingizi ni jiko.

Nyumbani tuko sita Baba akiwepo, ila kazi yake iko Kolwezi na anakuja mwisho wa mwezi. Mama anarudi sokoni jioni amechoka. Nkambo hawezi tena kuinama kwenye mbabula, jiko la makaa. Tangu niingie chuo mimi ndiye ninayepika. Wamebaki mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 17, na mdogo wetu wa kike wa miaka kumi. Shangazi alipopita mwezi wa tano na kumkuta kijana ameshika mwiko, alisimama mlangoni.

"Mutoto mwanaume kwenye mbabula, na binti iko hapa?"

Namheshimu sana shangazi, lakini hapo sikubaliani naye hata kidogo. Binti wa miaka kumi hawezi kuinua sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inayochemka bila kujimwagia. Na kama angeweza, kwa nini yeye aache daftari ili kaka yake mwenye misuli akae? Nilimkaribisha kiti na bilauri ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na mdogo wangu akaendelea kusonga.

Bukari wetu ni wa mahindi yaliyochanganywa na muhogo. Mara ya kwanza alimwaga unga wote kwa pamoja, ukatoka madonge, kila donge na unga mkavu ndani yake.

"Yaya, maji kipimo gani?" Yaya ni mimi, mkubwa wake.

Niligundua sijui kipimo. Nimepika miaka yote hii kwa jicho. Ikabidi nijifunze upya ili nimfundishe: nilipima kwa kikombe, nikaandika kwenye daftari. Unga kidogo wa mahindi kwanza, kwenye maji ya vuguvugu, uwe uji mwepesi. Usiondoke. Subiri mpaka uji uanze kurusha mapovu mazito. Hapo ndipo unaongeza mahindi, kisha muhogo mwishoni, na kuukandamiza kwenye ukuta wa sufuria mpaka uvutike. Ukiutanguliza muhogo unakushika mwiko kabla mahindi hayajaiva.

Sombe ilikuwa somo refu zaidi. Aliifunika sufuria tangu mwanzo, na sababu yake ilikuwa nzuri: alitaka kubana makala, yaani makaa. Niliifunua. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, sianidi, na inatoka kwa kuyatwanga vizuri na kuyachemsha sufuria ikiwa wazi, mvuke upande uende zake. Saa nzima ya kwanza, wazi. Baadaye, ukishatia mawese, kitunguu, bilinganya na samaki mkavu, funika upendavyo. Alinisikiliza kwa makini kuliko anavyomsikiliza mwalimu wake wa kemia, na jioni alimweleza Mama yote hayo kama aliyagundua yeye.

Makala yenyewe ndiyo ninayokwenda kuisomea. Nimesoma kilimo hapa Lubumbashi, na kinachonipeleka Gembloux ni msitu wa miombo. Gunia ambalo Mama ananunua lilikuwa mti, mara nyingi Brachystegia au Julbernardia, uliopangwa magogo, ukafunikwa udongo na kuchomwa polepole. Katika tanuri la namna hiyo, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Mji ukikua, umeme ukikatika, msitu unasogea mbali zaidi na barabara. Niliandika hayo kwenye barua yangu ya maombi, na niliiandika jikoni, nikingoja sombe. Nikifika nataka kukaa mbele ya walimu nikiwa bado nakumbuka kwamba anayenunua gunia ana watoto wa kulisha jioni ile ile.

Jikoni nilijaribu pia kufuma. Ilikuwa Jumapili, sufu mapajani, sombe motoni, na kaa moja lilipasuka na kurusha cheche kwenye kipande cha mbele cha kushoto. Sufu haishiki moto kirahisi, inaungua mahali pale pale na kuzimika, na hilo liliniokoa. Vitanzi vitatu vilikuwa vimekatika. Nilikaa chini ya taa mpaka usiku nikivifuma upya kwa sindano ya kushonea, nikifuata njia ya uzi kitanzi kwa kitanzi. Ukiweka kidole utapajua mahali hapo. Kwa jicho hutapaona. Tangu siku ile sufu haiingii jikoni, na karatasi za viza pia haziingii. Mchana ni wa ofisi, alasiri ni ya sufuria, usiku ni wa sindano. Umeme ukikatika naendelea kwa vidole, maana mistari iliyonyooka haihitaji macho.

Mizigo nitaruhusiwa miwili, kilo 23 kila mmoja. Nyama haiingii Ulaya kwenye sanduku la msafiri, lakini samaki inaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo ndakala wakavu wameshapata nafasi yao, na mwiko mpya. Nikifika nina siku nane za kazi kujiandikisha manispaa. Nimeziandika kwenye daftari lile lile la bukari, ukurasa wa nyuma.

Leo hali ni hii. Viza bado. Mgongo umekwisha, vipande viwili vya mbele vimekwisha, mkono mmoja umekwisha, na uzi wa kahawia umekwisha pia. Nilizunguka mafungu ya mitumba Jumamosi mbili, rangi ile haipo. Nimepata kijani cha majani ya sombe, sufu halisi. Mkono wa pili utakuwa wa kijani, na mfuko wa ndani pia, ili ionekane nilikusudia. Nilimwonyesha Mama akaushika uzi, akauweka shavuni, akasema ni joto, basi.

Jana usiku mdogo wangu alipika peke yake, nami nilikaa chumbani kwa makusudi. Nilisikia mwiko unagonga sufuria, kisha kimya, kisha tena. Alipotuita, Nkambo alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba kama anavyofanya siku zote, akachovya, akala. Hakusema kitu. Akasogeza sahani yake kwa kijana ili amwongeze.

Nilipomaliza kuosha vyombo nilirudi kwenye mkono wa kijani. Nimefika kiwiko.