Riesling Mtwara: harufu ya mafuta ya taa imepatiwa dawa

Hatimaye Riesling (mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo) za Mosel ya Ujerumani na Clare Valley ya Australia zimeonjwa pamoja, na tofauti iliyobaki kwenye glasi ni ya shamba, si ya joto la huku kwetu.

Kilichosumbua ni ile harufu ya mafuta ya taa. Inaletwa na kemikali iitwayo TDN, na wengi hulitwisha jua la Australia lawama moja kwa moja. Jua linachangia kweli, lakini umri wa chupa na joto la kuhifadhia vinachangia pia. Chupa iliyolala kwenye buti la basi toka Dar hadi Mtwara inazeeka njiani. Halafu kuna kizibo: cha mti hunyonya sehemu kubwa ya TDN, kifuniko cha kuzungusha huiacha yote ndani. Clare walihamia kwenye kifuniko hicho kwa wingi kuanzia mavuno ya 2000. Ukiweka chupa ya Clare pembeni ya chupa yenye kizibo cha mti, unaonja vifuniko, siyo maeneo!

Kwa hiyo chupa zote ziwe na kifuniko cha kuzungusha, zisafiri ndani ya deli lenye barafu, na mwaka wa mavuno uwe mmoja (Clare huvuna miezi kama sita kabla ya Mosel, hilo halikwepeki). Ya Mosel iandikwe trocken, yaani kavu, isiyo na utamu. Kabinett (daraja la mvinyo mwepesi wa Kijerumani) ya kawaida yenye pombe 8% ina sukari inayofunika uchachu.

Kupoza: deli, barafu nusu, maji nusu. Bila maji, barafu inagusa chupa sehemu chache tu. Chupa ya mililita 750 inashuka toka nyuzi 28 hadi 10 kwa dakika 20 hadi 25. Mimina mililita 40, basi. Ukijaza, mvinyo unafika nyuzi 15 kabla hujamaliza kuandika, pombe inapanda puani na uchachu unalegea. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama kina faida kuliko glasi za bei mbaya. Korosho ziondoke mezani. Chumvi na mafuta yake vinaua uchachu wote.

Matokeo: Mosel ni tufaha bichi na uchachu unaokaza taya. Clare ni ganda la ndimu, kavu kabisa, mafuta ya taa kwa mbali.

Finger Lakes ya New York ilikuwa zamu inayofuata, ila isubiri. Sasa ni zamu ya mvinyo wa mabibo. Yameanza kuanguka na kipimo cha pH (cha uchachu) kipo: juisi yake nusu itiwe jelatini kuondoa ukakasi, nusu iachwe ilivyo, zote zichachushwe kwa hamira ileile.