Breki za umeme za tela kwenye Ford ya volti 6

Ukinunua kontrola ya breki za tela leo, yaani kifaa cha ndani ya kabini kinachopeleka umeme kwenye breki za tela, mwongozo wake unakuonyesha nyaya nne na kukuambia umemaliza. Mwongozo huo umeandikwa kwa gari la volti 12 lenye hasi kwenye chesisi. Malori ya Ford ya F-1 hadi F-8, ya mwaka 1948 hadi 1952, yana volti 6, na kilichofungwa kwenye chesisi ni chanya. Ford hawakuhamia volti 12 mpaka modeli za 1956. Anayeunganisha kontrola ya kisasa moja kwa moja kwenye F-8 anaiunguza, au akibahatika inakaa kimya tu.

Kule Marekani malori haya bado huvuta tela za ekseli mbili zenye trekta kuukuu juu yake kwenda maonyesho. Breki za tela zenyewe ni za umeme. Afrika Mashariki tumezoea tela kubwa za breki za upepo, kwa hiyo tuanzie ndani ya dramu.

Kila gurudumu lina sumaku ya umeme kwenye ncha ya mkono wa chuma. Mkondo ukiingia, sumaku hung'ang'ania uso wa ndani wa dramu inayozunguka, huburutwa nayo, mkono unapinda na kutanua viatu vya breki. Breki ya inchi 10 kwa kawaida hubeba ekseli ya pauni 3,500 (kilo 1,588), na ya inchi 12 hubeba pauni 7,000 (kilo 3,175). Sumaku za saizi hizo zina ukinzani wa omu 3.2 hivi na hula ampea 3 kila moja. Tela la ekseli mbili lina nne, basi hesabu ampea 12.

Sumaku ni koili tupu, haijali chanya iko wapi. Inachojali ni volti. Ukiipa 6, mkondo unakuwa nusu na wati zinakuwa robo, na tela halishikiki. Ndiyo maana hakuna ujanja wa kulisha breki hizi kutoka kwenye betri ya lori.

Wengi hukimbilia kubadili lori zima kuwa volti 12. Inawezekana, lakini utabadili balbu zote, koili ya kuwashia, geji na dainamo, na lori la kumbukumbu linapoteza nusu ya thamani yake machoni pa wanaolijua. Mimi ningeacha volti 6 ilivyo na kuweka betri ya pili ya volti 12, ya Ah (ampea-saa) 60, ndani ya boksi lenye kifuniko nyuma ya kabini. Hata ukikanyaga breki kwa nguvu zote dakika 10 katika kila saa, ampea 12 zinakula Ah 2 tu. Betri hiyo inamaliza siku nzima ya safari bila kuchajiwa, ukirudi unaichomeka kwenye chaja ya kawaida. Ukitaka ichajiwe barabarani, nunua kibadili volti ambacho upande wa kuingia na wa kutoka haugusani kabisa. Vile vya bei rahisi vina hasi moja ya pamoja, na kwenye lori la chanya kwenye chesisi hiyo ni shoti.

Hasi ya betri ya pili ifunge kwenye chesisi, kwa sababu chesisi ya tela nayo ni hasi na zinagusana kwenye mpira wa kuvutia (tufe la chuma ambalo tela hushikiliwa), utake usitake. Chanya ya volti 6 na hasi ya volti 12 zikikutana kwenye chuma kimoja hazidhuriani, maana mifumo miwili inagusana mahali pamoja tu na mkondo hauna njia ya kuzunguka. Ila kumbuka kwamba kati ya waya wenye moto wa lori na waya wenye moto wa betri ya pili sasa kuna volti 18. Tumia rangi tofauti kabisa kwa mifumo hii miwili, usiipitishe kwenye bomba moja, na weka lebo kila mwisho wa waya.

Kontrola nyingi, kama Prodigy za Tekonsha, zina waya mweusi (chanya), mweupe (hasi), mwekundu (ishara ya taa ya breki) na wa bluu (kwenda kwenye sumaku). Mweusi na mweupe ziende moja kwa moja kwenye betri ya pili kwa waya wa milimita za mraba 6. Kwenye mweusi, karibu na betri, weka kikata umeme kinachojirudisha chenyewe: ampea 20 kwa tela la ekseli 1 au 2, ampea 30 kwa ekseli 3 au 4. Fyuzi ya kawaida ikiungua mteremkoni ndiyo basi, breki za tela zimekwisha.

Waya mwekundu ndio unaowashinda watu. Kontrola inangoja chanya ya volti 12, na swichi ya breki ya Ford inatoa hasi ya volti 6. Dawa ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye koili ya volti 6: koili iendeshwe na umeme wa lori, na nyuso za swichi zikate na kuunganisha volti 12 kwenda kwenye waya mwekundu. Ukiweka diodi (kipitisha umeme upande mmoja tu) juu ya koili kuzima cheche, igeuze kulingana na chanya iliyo kwenye chesisi, au uchague rilei isiyo na diodi ndani. Rilei yenye diodi iliyofungwa kinyume huunguza waya mara moja.

Ishara hiyo ichukue kwenye swichi yenyewe, kabla haijafika kwenye swichi ya indiketa. Kwenye malori yaliyoongezewa indiketa, taa ya breki na indiketa hutumia waya mmoja wa balbu. Ukiunganisha baada ya hapo, tela litashika breki kwa vipigo kila unapokata kona.

Kuna tatizo jingine hapo hapo. Swichi ya Ford hizi inasukumwa na presha ya mafuta ya breki, na ikizeeka hufunga kwa kuchelewa, kwa hiyo lori linaanza kushika huku tela bado linasukuma. Weka swichi ya kawaida kwenye mkono wa pedali, iwake mara tu uchezaji wa pedali unapokwisha. Ni kazi ya kibati kimoja na bolti mbili, na ndiyo mabadiliko yanayosikika zaidi ukiwa kwenye usukani.

Taa za tela nazo zinahitaji rilei zake: kushoto, kulia na taa ndogo, kila moja na koili ya volti 6. Sasa, mkono wa kontrola, ule wa kushika breki za tela peke yake bila pedali, ukivutwa, kontrola hurudisha umeme kwenye waya mwekundu ili taa za breki ziwake. Kwa mpangilio huu umeme huo unaishia kwenye rilei na nyuma hakuna kinachowaka. Usijaribu kuweka rilei ya pili ya kurudisha ishara kwenye lori: zitashikiliana, na breki za tela hazitaachia hata ukiinua mguu. Ongeza taa moja ya LED katikati ya tela, uilishe kutoka kwenye waya mwekundu kupitia pini ya katikati ya soketi ya kuunganishia tela, ile ya pini 7 bapa, ikiwa tela halina taa ya rivasi inayotumia pini hiyo.

Soketi ichague kwa makini. Ile ya mviringo ya malori makubwa, J560, inavutia kwa sababu ni imara na inafanana na lori. Lakini kwenye malori ya kisasa pini yake ya katikati, ya waya wa bluu, hubeba umeme wa kudumu wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikabe). Ukiipa pini hiyo kazi ya sumaku, siku tela likivutwa na lori jingine magurudumu yote yanakaba pale pale.

Kwenye tela, pima urefu kabla ya kununua waya. Mita 12 kwenda na 12 kurudi, kwa ampea 12, waya wa milimita za mraba 6 unapoteza volti 0.9 hivi. Wa 2.5 unapoteza zaidi ya 2. Waya wa kurudi uwe wa shaba na uende hadi kwenye betri, usitegemee mpira wa kuvutia wenye grisi na kutu. Angalia pia waya unaopita ndani ya bomba la ekseli, unapenda kusuguliwa mpaka unagusa chuma.

Swichi ya dharura, ile yenye pini inayochomoka tela likikatika, ina betri yake ndogo ya volti 12 juu ya tela. Kanuni za shirikisho za Marekani kwa magari ya biashara zinataka breki zijifunge zenyewe na zishike angalau dakika 15. Kamba ya pini ifungwe kwenye chesisi ya lori, kamwe isifungwe kwenye mpira au minyororo. Ukiijaribu, chomoa plagi ya tela kwanza, umeme wake unaweza kuharibu kontrola.

Kabla ya barabara, weka ampea mita kwenye waya wa bluu na uvute mkono hadi mwisho. Kwa sumaku nne utegemee 12 hivi. Ukiona 9, moja haifanyi kazi. Ukiona nyingi kuliko 12, kuna shoti: toa sumaku, ikalishe juu ya nguzo hasi ya betri, kisha unganisha nyaya zake na chanya kupitia mita. Mkondo wowote ukipita, sumaku hiyo ni ya kutupa. Hakikisha pia kiatu chenye utando mfupi kinatazama mbele kwenye kila gurudumu. Breki za kushoto na kulia hazibadilishani.

Kurekebisha viatu, inua gurudumu kwa jeki, zungusha nyota ya kurekebishia mpaka dramu iwe nzito kuzungusha, kisha irudishe mpaka iwe huru na msuguano mdogo tu. Breki mpya zinataka kuzoeshwa: kanyaga mara 20 hadi 30 kutoka kilomita 64 kwa saa hadi 32, ukiziacha zipoe katikati. Baada ya hapo panga nguvu ya kontrola kwenye lami kavu kwa kilomita 40 kwa saa: vuta mkono wote, ongeza mpaka magurudumu yakaribie kukaba, punguza kidogo. Panga tena kila mzigo unapobadilika, na rekebisha viatu baada ya kilomita 320 za kwanza, kisha kila 4,800.

Ukirudi nyuma mteremkoni, breki hizi hushika kwa udhaifu kuliko ukienda mbele, kwa sababu viatu vimepangwa kwa mzunguko wa mbele. Weka kabari chini ya magurudumu ya tela kabla ya kushuka kwenye kabini.