Jinsi nilivyowaacha hai maharamia wangu wawili

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa 90, na Yann alikufa ukurasa wa 84. Nilimpenda, lakini sikuona pengine pa kumpeleka. Karibu kila hadithi niliyowahi kusoma ya wanaume wawili wanaopendana iliishia kaburini, gerezani, au mmoja wao akiozwa kwa machozi, na mkono wangu ukafuata njia hiyohiyo. Nami nilikuwa nimedhamiria kuandika riwaya ya kuchekesha: maharamia wa Karibi, merikebu yenye roho, na mahaba ya Yann na Baptiste. Mdogo wangu alipoimaliza aliniambia, "Dada, mwanzo nimecheka. Halafu umeniacha msibani."

Nikaenda kuwasoma maharamia wenyewe. Katika karne ya 17, kwenye kisiwa cha Tortuga na pwani ya Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, palikuwa na desturi ya wanaume wawili kuunganisha mali zao. Wanakula pamoja, wanapigana pamoja, na mmoja akifa mwenzake anarithi. Wafaransa waliiita matelotage, kutokana na neno lao la baharia. Wanahistoria bado wanabishana ni wangapi kati yao walikuwa wapenzi. Mimi wawili walinitosha.

Nikamsoma na Exquemelin, aliyesafiri na maharamia hao na kuchapisha kitabu chake Amsterdam mwaka 1678. Ameandika fidia waliyopatana kabla ya kung'oa nanga: mkono wa kulia reale 600, yaani sarafu za fedha za Kihispania, wa kushoto 500, mguu wa kulia 500, wa kushoto 400, jicho 100. Wiki nzima sikuiweka chini orodha ile. Watu walioketi wakapatana bei ya jicho! Vichekesho vyangu vyote vilikuwa mle. Lakini orodha hiyohiyo inasema badala ya reale 600 mtu angeweza kulipwa watumwa sita, na sikutaka kicheko changu kiruke hilo. Kwa hiyo katika merikebu yangu yumo baharia aliyetoroka utumwani, na ni yeye anayekifuta kifungu hicho kwa wino mbele ya wenzake. Sura hiyo haina mzaha hata mmoja.

Yann nikamfufua. Nikaandika siku ambayo yeye na Baptiste wanatia saini hati ya kuunganisha mali, na ugomvi wote ni wa sufuria. Hakuna baharia anayeshtuka kwamba wanapendana. Kinachowashangaza ni Baptiste, ambaye hata uji huunguza, kutaka sufuria iandikwe kwa jina lake. Nilipofika hapo ndipo nikaelewa kwa nini riwaya za namna hii zinanishika hivi: mapenzi yao hayashtakiwi na mtu, kesi iliyobaki ni ya sufuria, na ninaweza kucheka bila kumhofia yeyote kati yao.

Merikebu niliipa tabia moja tu, maana nilipoipa nyingi ilichosha: mtu akisema uongo ndani yake, haisogei. Katika sura ya 11, kijana mmoja mgeni anampigia Baptiste fidla usiku kucha. Asubuhi Yann anasema, "Mimi sina wivu hata kidogo," na merikebu inasimama palepale, tanga limejaa upepo, manowari ya Wahispania ikikaribia. Mabaharia wote wanamgeukia. Nahodha, mama wa makamo, anamsogelea taratibu.

"Yann, mwanangu, tutakufa. Sema kweli."

Sura hiyo nilimsomea mdogo wangu jikoni. Alicheka hadi maharage yakaungua, kisha akaketi.

"Akasema?"

"Akasema. Mbele ya wote."

"Na merikebu?"

"Iliruka kwa nguvu hata sufuria ikamponyoka Baptiste."

"Isianguke baharini, dada. Nakuomba."

Nikachukua kalamu, nikaiandika imekwama kwenye kamba.