Mchawi alikuwa sensa ya injini

Kwa miezi mitatu gari langu lilikuwa linajizimia lenyewe. Na si kila siku. Linatembea wiki mbili safi kabisa, halafu ghafla niko kwenye mwendo, injini kimya, usukani mzito, taa za dashibodi zimewaka zote. Nasogea pembeni, nakaa nusu saa, napiga stata, linawaka kama si lenyewe. Nikilipeleka kwa fundi linanguruma vizuri mbele yake, mimi naonekana mwongo.

Likikuzimikia kwenye mwendo, usipampu breki. Busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki, hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo kanyaga mara moja ushikilie. Ufunguo nao usiuchomoe, usukani utajifunga.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi na filta ya mafuta. Wa pili akaapa ni pampu ya mafuta. Nikaweka pampu mpya. Siku ya nne likazima. Hapo nikaacha kununua vifaa, nikanunua daftari.

Kila likizima niliandika: limetembea muda gani, mshale wa joto uko wapi, mafuta kiasi gani, na limezima vipi. Hilo la mwisho ndilo lililonifumbua macho. Gari likikosa mafuta huwa linakohoa na kurukaruka kwanza. Langu lilikata papo hapo, kama mtu kazima swichi ya taa. Tena lilikata likiwa na moto tu, asubuhi kamwe. Jambo jingine: gari langu ni la gia za mkono, kwa hiyo hata injini ikizima, matairi bado yanaizungusha. Lakini mshale wa mizunguko ulikuwa unaanguka sifuri mara moja. Maana yake kompyuta haikuwa inaiona krenki, ule mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni, ikizunguka.

Lilipozima tena nilikuwa nimejiandaa. Nilifungua swichi, nikasikia pampu ikivuma sekunde mbili. Nikachomoa koili moja ya kuwashia cheche, nikaichomeka plagi ya majaribio, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikaomba mwenzangu apige stata. Hakuna cheche. Mashine ya kupimia nayo haikutoa kodi (namba ya hitilafu) yoyote, na sishangai: kompyuta isipopata ishara ya krenki, inaweza kudhani injini imesimama tu.

Nikachukua chupa ya maji ya kunywa, nikaimiminia taratibu sensa ya krenki, kile kifaa kinachoiambia kompyuta kuwa krenki inazunguka, ili ipoe. Stata moja, likawaka.

Nyumbani niliifungua. Ina boliti moja tu ya spana namba 10, ila sensa yenyewe ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu, na nusu saa nzima ikaishia hapo. Sensa yangu ni ya aina yenye koili ndani na nyaya mbili, kwa hiyo inapimika kwa mita ya kawaida. Ikiwa baridi ilisoma omu 870 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nikaipulizia draya ya nywele: 900, 960, 1,020, jambo la kawaida kwa shaba ikipata joto. Halafu mita ikaandika OL, yaani umeme haupiti tena. Waya umekatika ndani. Nikaiacha ipoe mezani, namba zikarudi zenyewe. Nilirudia mara tatu, nadhani kwa ajili ya kufurahi tu.

Sensa mpya ina miezi minane sasa. Pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko kwenye buti.